Bolti Zilizoganda Chini ya Land Rover: Namna ya Kuzitoa Bila Kuumiza Chasisi

Ukitaka kubadilisha springi za Land Rover Series III hapa Kampala, usianze kwa kuuliza bei ya springi. Shika tochi, ingia chini ya gari, tazama bolti. Kila springi imeshikwa na bolti 3: moja upande uliofungwa moja kwa moja kwenye chasisi, mbili kwenye shakeli, yaani vile vibamba viwili vinavyoning'iniza ncha ya pili ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapobonyea. Kwa gari zima ni bolti 12. Ongeza U-bolti 8 zinazobana ekseli, kila moja na nati 2. Series III ziliundwa kati ya 1971 na 1985, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa imetimiza miaka 40, na huenda baadhi ya bolti hizo hazijaguswa tangu kiwandani Solihull.

Jambo moja liamue kabla hujashika spana: bolti ni ya kutupwa, chasisi si ya kutupwa. Inaonekana wazi ikisemwa hivyo, lakini pita gereji zozote za kando ya barabara uone kinachofanyika. Fundi anapigania bolti ya shilingi chache kwa nyundo ya kilo tano, na kila pigo linaishia kwenye bati la chasisi. Mwili wa Land Rover ni wa aluminiamu na hauozi upesi. Chasisi ni boksi la bati la chuma lililochomelewa, na si nene kama inavyodhaniwa. Likishaoza kwa ndani, nyundo inalikunja kama kopo. Tena kupata gari la kuchukua nafasi yake si rahisi kama zamani: tangu sheria ya usalama barabarani iliporekebishwa mwaka 2018, gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa kwa kawaida haliruhusiwi kuingizwa Uganda. Chasisi uliyonayo ndiyo hiyo.

Watu hushangaa kwamba bolti zinaganda Kampala ilhali hatumwagi chumvi barabarani kama Uingereza. Chumvi hatuna, ila tuna murram. Udongo mwekundu unaingia katikati ya vyuma vya springi, unajaza pembe za chasisi, halafu mvua za Machi hadi Mei zinaulowesha na haukauki vizuri mpaka mvua za Septemba zinapoukuta. Tope linalokaa mwaka mzima juu ya chuma linafanya kazi ileile ya chumvi, polepole tu. Kutu nayo inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndani ya tundu lililobana haina pa kwenda, kwa hiyo inajikaza yenyewe. Bolti iliyofungwa kwa nguvu ya mkono mwaka 1980 leo imebanwa kuliko siku ilipofungwa.

Chanzo cha pili ni sisi wenyewe. Gari la miaka 40 limepita mikononi mwa mafundi wengi, na utakuta nati ya milimita imelazimishwa kwenye bolti ya inchi, nati iliyochomelewa kwa sababu nyuzi zilikwisha, au bolti iliyofupishwa kwa msumeno hadi nyuzi hazijai nati. Hizo zitambue mapema, maana hakuna mafuta yatakayozisaidia.

Sasa elewa bolti imeganda wapi, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Jicho la springi lina bushi ndani yake. Bushi hiyo ni tabaka tatu: kibomba cha chuma cha nje, mpira, na kibomba cha chuma cha ndani. Bolti inapita ndani ya kibomba cha ndani. Maji yanaingia kati ya bolti na kibomba hicho, na vyuma viwili vinakuwa kimoja. Nati yenyewe mara nyingi inafunguka bila shida kubwa, unashangilia, kisha unagundua kwamba bolti inazunguka robo na kurudi yenyewe ukiachia spana. Huo ni mpira unaokunjika na kurudi. Ukiona hivyo acha kumwaga mafuta. Kibomba cha ndani kimebanwa ncha zote mbili na vibamba vya shakeli, na mafuta hayana mlango wa kufika katikati.

Kabla ya yote, egemeza gari sawasawa. Zuia kila gurudumu litakalobaki chini, inua, weka chasisi juu ya stendi madhubuti pande zote mbili, halafu weka jeki ya pili chini ya ekseli. Mawe, matofali na rimu kuukuu vimeua mafundi, na hapa utakuwa unavuta na kusukuma gari kwa nguvu zako zote. Jeki ya ekseli ina kazi nyingine pia: ipandishe na kuishusha kidogo kidogo mpaka springi isiwe imebonyea wala haining'inii. Bolti isiyobeba mzigo inatoka kwa nusu ya taabu, na mara nyingine bolti iliyoonekana imeganda ilikuwa imelaliwa tu na uzito. Ekseli isiachwe ikining'inia kwa mpira wa breki. Fungua shokapu kwanza, kisha angalia mpira huo kila unaposhusha jeki. Shokapu za Series zimeshikwa kwa pini yenye washa na kipini cha kupasua ncha, ambacho huwa kimeoza. Kikikatika, toboa mabaki, nunua kingine.

Sugua nyuzi zinazoonekana kwa brashi ya waya hadi uone chuma. Hatua hii inarukwa mno, na ndiyo inayookoa nati. Kutu na rangi zilizoko mbele ya nati zinajaa kwenye nyuzi zake inapotoka, na inakwama katikati ya safari. Ndipo upake mafuta ya kulainisha kutu, rudia jioni na asubuhi kwa siku mbili tatu kabla ya siku ya kazi, huku ukigonga kichwa cha bolti kidogo kila mara. Mchanganyiko wa nusu mafuta ya gia ya otomatiki na nusu asetoni unapenya vizuri, ila unashika moto haraka na unajitenga ukikaa, kwa hiyo utikise, na usiuweke karibu na mtu anayechomelea. Dizeli ni bora kuliko kutoweka kitu. Oili chafu ya injini ni nzito mno kupenya popote, hata kama jirani yako ameitumia maisha yake yote.

Tumia soketi ya pembe 6, si ya pembe 12, au spana ya ringi inayoingia kwa kubana. Spana ya mdomo iache mezani. Jaribu kwanza kukaza kidogo, upate ule mlio wa kutu kuvunjika, halafu legeza. Nenda mbele robo, rudi nusu. Bomba refu juu ya spana linafaa ikiwa unalivuta kwa utaratibu na unasikiliza. Ukihisi bolti inakuwa laini badala ya kuachia, simama, inajinyonga na iko karibu kukatika. Spana ya upepo ya fundi wa matairi mara nyingi inafanya vizuri zaidi, kwa sababu mapigo yake madogo madogo yanatikisa kutu badala ya kuinyonga bolti.

Hapa kuna siri ya Series ambayo imegharimu watu wengi siku nzima. Kibamba kimoja cha shakeli kina nyuzi ndani yake. Bolti imefungwa ndani ya kibamba hicho, na nati ya nje ni ya kuizuia tu isilegee. Ukitoa nati na kuanza kuitwanga bolti itoke, unatwanga nyuzi, na nyundo yako yote inaingia kwenye jicho la springi na boksi la chasisi. Toa nati, kisha fungua bolti yenyewe kwa kuizungusha kutoka upande wa kichwa. Ikizunguka na kutoka nje, shukuru. Ikizunguka na kurudi, au ikikataa kabisa, sasa una uamuzi wa kufanya.

Ushauri wangu ni ukate, na ukate mapema. Nusu saa ya juhudi za kweli inatosha kujua bolti ina nia gani. Ingiza blade ya msumeno wa chuma, au diski nyembamba ya milimita 1 ya grainda, kati ya jicho la springi na kibamba cha shakeli, kwenye ule mpira unaojitokeza. Kata upande mmoja, kata wa pili, springi inaanguka na kipande cha bolti ndani yake. Vibamba vya shakeli vinauzwa, bushi zinauzwa, bolti zinauzwa. Hata jani la juu la springi likikwaruzwa si msiba kama springi zenyewe zinabadilishwa. Cha kulinda ni masikio ya chasisi upande ule uliofungwa moja kwa moja: pale diski ikikengeuka inakula chuma usichoweza kununua, kwa hiyo tumia msumeno wa mkono hata kama mkono utauma. Vaa miwani ya kukinga macho. Diski nyembamba inayobanwa inapasuka, na hutaiona ikija.

Moto ni dawa nzuri kwa nati na mbaya kwa karibu kila kitu kingine kilichoko pale. Chuma kikipata joto la kama nyuzi 600 za Selsiasi, ambapo kinaanza kuonyesha wekundu uliofifia kivulini, tundu la nati ya milimita 14 linapanuka karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni kidogo kwa macho, ni nyingi kwa kutu. Pasha nati, si bolti, na uipashe haraka ili bolti isipate muda wa kupanuka nayo. Ikishapoa kidogo gusa nyuzi kwa mshumaa. Nta iliyoyeyuka inavutwa ndani pale mafuta yalipokataa kwenda. Lakini tangi la mafuta la Series fupi, ile ya inchi 88, liko chini ya kiti cha mbele, na mabomba ya petroli na breki yanafuata chasisi. Mpira wa bushi ukiwaka unatoa moshi mweusi mnene na hauzimiki kirahisi. Nati mpya zenye rangi ya zinki zikichomwa zinatoa moshi unaomletea mtu homa. Kiowevu cha kusafishia breki chenye klorini kikikutana na moto au weldingi kinatoa gesi ya sumu kali, kwa hiyo kama ulipuliza, futa na uache pakauke kabisa. Weka ndoo ya maji na gunia bichi karibu, na mtu wa kusimama pembeni ambaye kazi yake ni kutazama tu.

Bolti ikikatikia ndani ya nyuzi, watu wengi wanakimbilia kile kichuma chenye mkunjo wa kushoto kinachopigiliwa ndani ya tundu ili kuizungusha itoke. Mimi sikipendi kwa bolti zilizoganda. Fikiria: bolti nzima imekatika kwa spana kwa sababu kutu ilikuwa na nguvu kuliko chuma chake. Kichuma chembamba kuliko bolti kitafaulu vipi? Kinachotokea ni kwamba kinavunjika ndani, na ni kigumu kiasi kwamba hakuna keekee ya duka la kawaida itakayokitoboa.

Njia inayofaa ni kuchomelea nati juu ya mabaki. Kama kipande kimebaki kimejitokeza kidogo, weka juu yake washa, kisha nati kubwa kidogo kuliko bolti, ujaze weldingi ndani ya tundu la nati. Joto la weldingi ndilo linalofanya kazi kubwa. Nati ni mpini tu. Ngoja wekundu uishe, kisha zungusha taratibu kungali na joto, mbele na nyuma. Ikikatika rudia. Mara ya pili au ya tatu kwa kawaida inaachia. Huhitaji kutafuta mtaalamu wa mbali: Katwe, ambayo ulimwengu uliifahamu kwa mchezo wa sataranji kupitia filamu ya 2016, imejaa watu wanaochomelea tangu asubuhi hadi giza, na wengi wao wanajua hila hii kuliko wanavyojua jina la gari lako. Kabla mchomeleaji hajawasha mashine, tenganisha betri na waya za altaneta. Bano la waya wa ardhi aliweke karibu kabisa na anapochomelea, juu ya chuma kilichosuguliwa, ili umeme usipitie kwenye bearingi za gurudumu kutafuta njia.

Na kama fundi anakuambia, "Ssebo, ngoja nipige kidogo tu," mwambie weldingi kwanza.

Kama hakuna kilichojitokeza, itabidi utoboe. Sawazisha uso wa bolti kwa faili, weka alama katikati kwa panchi, na usiharakishe alama hiyo kwa sababu kila kitu kitakachofuata kinaitegemea. Anza na keekee ndogo, mwendo wa polepole, mafuta kidogo, ongeza ukubwa hatua kwa hatua. Ukipata keekee zinazokata kwa kuzunguka kushoto, nunua. Mara nyingi bolti inajifungua yenyewe kabla hujamaliza. Ukifika karibu na nyuzi, gonga kuta nyembamba zilizobaki ziingie ndani, uzitoe kama maganda, halafu pitisha tepu kusafisha.

Bushi za chasisi zinadai subira kuliko zote. Kwenye upande wa shakeli kuna bushi nyingine iliyopigiliwa ndani ya bomba linalovuka chasisi, na kibomba chake cha nje kimeganda na bomba hilo. Kuitwanga itoke ni kosa, maana bomba limechomelewa kwenye bati na linang'oka nalo. Toboa mpira kuzunguka pande zote mpaka katikati itoke. Kilichobaki ni kibomba chembamba cha nje. Fungua msumeno wa chuma, pitisha blade ndani ya tundu, uiunge tena na mpini, ukate mstari mmoja kwa urefu wa kibomba hicho. Simama mara kwa mara na utazame kwa tochi: unataka kukata kibomba bila kugusa bomba la chasisi. Kikishakatika, kikunje kuelekea ndani kwa tindo nyembamba, kitalegea na kutoka. Bushi mpya ivute kwa fimbo yenye nyuzi, nati mbili, washa nene na soketi kubwa upande wa pili. Inaingia taratibu na imenyooka, na chasisi haijui kama kuna kazi iliyofanyika.

U-bolti usizipiganie kabisa. Nyuzi zake zinatazama barabara na zimekula murram miaka yote. Kata, tupa.

Kununua ni kazi yenyewe. Soko la Kisekka na maduka ya Ndeeba yana karibu kila kitu, na muuzaji mzuri atakuelewa ukienda na bolti ya zamani mkononi. Usiende na picha. Series III ni ya nyuzi za inchi, wakati Toyota zilizojaa mjini ni za milimita, na hatari iko kwenye kufanana. Bolti ya inchi 9/16 ina kipenyo cha milimita 14.3. M14 inaonekana ileile, inaingia kwenye tundu, na nati yake yenye nyuzi ndogo inaweza kushika mizunguko miwili kabla ya kukwama. Fundi mwenye haraka anaimalizia kwa bomba refu, na hapo ndipo wewe unapokuja kuikata miaka kumi baadaye. Tazama kichwa cha bolti: 8.8 kwa za milimita, mistari 3 kwa daraja la 5 la inchi, mistari 6 kwa la 8. Kichwa kisicho na alama yoyote hakifai chini ya gari. U-bolti zinazokunjwa mtaani si mbaya kwa asili, lakini uliza zimekunjwa kutoka chuma gani, na ukiona mikwaruzo ya nondo ya ujenzi ondoka. Nati zenye nailoni ya kuzuia kulegea ni za kutumika mara moja.

Haya yote ni ya springi za vyuma bapa. Mwenye Peugeot 504 ana koili, na koili iliyobanwa inaweza kuua. Bolti inaweza kuganda kwa namna ileile, ila koili usiifungue bila kifaa cha kuibana.

Katika kurudisha, paka grisi yenye shaba kwenye mwili wa bolti, pale inapopita ndani ya kibomba, na kidogo kwenye nyuzi. Usipake mpirani, grisi ya petroli inaula. Magari ya mashindano yaliyopita Uganda tangu mbio za kwanza za magari za Safari mwaka 1953 hayakuwa na miujiza. Gari linalofunguliwa kila mara haliachi kutu ikomae. Lako unaweza kulitendea nusu ya hilo: kila mwisho wa mvua, tope lote lioshwe kutoka kwenye springi kwa maji ya nguvu.

Bolti za bushi zifunge kwa mkono tu gari likiwa juu ya stendi. Lishushe, litikise mara kadhaa likae kwenye uzito wake, ndipo ukaze. Mpira wa bushi unashikwa mahali ulipo unapokaza. Ukikaza springi ikining'inia, mpira utaishi umekunjwa kila siku na utapasuka mapema, nawe utarudi kwenye bolti zilezile. U-bolti zikaze kwa kuvukavuka, hii kidogo na ile kidogo, ukihakikisha kichwa cha bolti ya katikati ya springi kimekaa ndani ya tundu lake kwenye ekseli. Kisha nenda Jinja na kurudi, ama Masaka kama una sababu, na kesho yake asubuhi ingia tena chini na spana. U-bolti mpya zitakubali kukazwa tena, wakati mwingine zaidi ya robo mzunguko.